Kura Zenye Namba

Mzee Johana alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuandika namba yake kwenye kila kitu. Namba yenyewe, ile ya mkulima anayouzia majani chai kituoni, ilikuwa sifuri kumi na mbili, aliyoirithi kwa babake, mmoja wa watu wa kwanza kupanda majani chai upande ule wa Litein, na udogo wake ulikuwa fahari ya nyumba nzima. Ilikuwa kwenye vikapu vya kuchumia, kwenye mikebe ya maziwa, kwenye mpini wa jembe, hata kwenye viti vya plastiki ambavyo majirani waliviazima wakati wa matanga. Kuna siku aliiandika kwenye Biblia, na mkewe Rebeccah akamuuliza kama anaogopa pasta atamwibia Zaburi.

Lakini msimcheke sana, maana alikuwa na sababu. Zamani pale kituo cha kupimia majani cha Chebitet watu waliibiwa kama watoto. Mama anachuma tangu alfajiri, mgongo unamuuma, anafikisha gunia kituoni, na mwisho wa mwezi kilo zake zimeingia kwa jina la shemeji wa karani. Johana alipochaguliwa mwenyekiti wa kituo, alipita boma kwa boma akiwahubiria wakulima: andika namba yako kwenye gunia, kwenye kikapu, mahali popote jani lako linapopita. Wizi ukapungua kweli. Tangu hapo watu wa Chebitet wakaiamini namba kuliko walivyomwamini chifu.

Sasa mwakilishi wa wodi alipofariki na uchaguzi mdogo ukaitishwa, bintiye Johana, Chelimo, akaamua kusimama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya kutuliza darasa bila kiboko, na watu walimpenda. Ila sheria haina mapenzi. Mwalimu wa serikali anayetaka kiti lazima ajiuzulu kwanza, naye akajiuzulu. Rebeccah alilia siku barua ilipopelekwa. Alilia kama mtu aliyefiwa, akisema mshahara wa serikali hauachwi kwa ajili ya kelele za mikutano, na kwamba hataki kusikia mtoto wake akitukanwa sokoni na vijana wa boda boda.

Jambo ambalo Rebeccah hakuambiwa ni kwamba shule haikungoja. Mwalimu mwingine aliletwa hata kabla kampeni hazijaanza, akapewa darasa la Chelimo na nyumba ya Chelimo. Chelimo alimwambia babake peke yake, wakiwa shambani.

"Hiyo tusimwambie mama yako," Johana alisema. "Ataanza kulia tena. Tukishinda, atasahau."

Kwa hivyo mambo yalikuwa hivi: akishinda ana kazi, akishindwa hana mbele wala nyuma. Ana vyeti vyake kwenye bahasha na mikono ya kuchuma majani, basi. Johana alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana usingizi ulimpaa mwezi mzima.

Mpinzani wa Chelimo alikuwa Kipkurui, mwenye duka la mbolea na malori mawili, mtu wa kucheka na kila mtu na kusahau majina yao akishapita. Alikuwa na fedha na Chelimo alikuwa na watu. Redioni walisema watakabana koo.

Jumapili ya mwisho kabla ya kura, baada ya kanisa, wakulima walikusanyika kwa Johana. Chelimo hakuwepo, alikuwa ng'ambo ya pili ya wodi akiomba kura. Watu walikuwa na wasiwasi mmoja tu, na mama Tecla, jirani mwenye shamba karibu na daraja, ndiye aliyeutamka.

"Mzee, sisi tutapiga. Lakini si wataiba? Hawa watu wanaiba kura usiku, wanabadilisha."

Johana akasimama. Hapo ndipo mtu anapotamani mtoto angelia, au ng'ombe angekata kamba, au mvua ingenyesha ghafla, chochote kile cha kumnyamazisha. Hakuna kilichotokea.

"Majani yetu yalikuwa yanaibiwa ama hayakuwa yanaibiwa?" aliuliza.

"Yalikuwa!"

"Yakaacha kuibiwa tulipofanya nini?"

Wakacheka, wakaanza kupiga makofi hata kabla hajamaliza. Alipomaliza, kila mtu pale alikuwa amejua la kufanya: tiki kwa Chelimo, na chini yake namba ya mkulima, ili siku ya kuulizana kila kura iwe na mwenyewe. Rebeccah alikuwa akigawa chai. Alisikia kila neno.

Siku ya kura Johana alivaa koti lake la harusi za watu, akaenda kukaa ndani ya darasa la kupigia kura kama ajenti wa bintiye. Ajenti wa Kipkurui alikuwa Kiptum, kijana wa makamo mwenye ng'ombe wa maziwa na robo eka ya majani, aliyeuza pale pale Chebitet. Walijuana tangu zamani. Msimamizi wa kituo cha kura alikuwa mwanamke mnene mpole aliyeitwa Molly Obiero, aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi za shamba kubwa la majani, babake akiwa ametoka ziwani kuja kufanya kazi kiwandani. Alisalimia wazee kwa Kikipsigis, lugha yao, na Johana akampenda papo hapo.

Siku ilienda salama. Watu walikuja na miavuli na gambuti za mpira, wakachovya vidole wino, wakaingia nyuma ya kibanda cha kadibodi. Johana aliona wengine wakikaa humo muda mrefu kidogo, wakiinama kuandika, na moyo wake ukajaa. Alimwona Rebeccah pia. Alitoka kibandani akiwa ameikunja karatasi yake vizuri, akaitumbukiza, akaondoka bila kumtazama mumewe. Johana aliona ni heshima kwa kazi yake ya uajenti.

Jioni milango ikafungwa. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Molly akafungua sanduku mbele yao, akaanza kazi: anainua karatasi, anawaonyesha wote wawili, anasoma jina, anaiweka kwenye rundo lake. Chelimo. Kipkurui. Chelimo. Chelimo. Johana alikuwa karibu kuimba.

Kisha Molly akasita, akaigeuza karatasi kwenye mwanga.

"Hii ina tiki kwa Chelimo. Lakini hapa chini kuna mia moja arobaini na tatu. Hii ni nini sasa?"

Kiptum aliangalia dari. Alijua fika ni nini, ila aliona si kazi yake kusema.

"Labda mtu alikuwa anajaribu kalamu," Molly akajijibu. "Kama ni alama tu, si neno. Tiki inaonekana vizuri, tunajua alitaka nani. Hii inahesabika." Akanyoosha mkono kuiweka kwenye rundo la Chelimo.

Ingekuwa imeishia hapo. Zingine zote zingefuata njia hiyo hiyo, na leo tungekuwa tunasimulia mambo mengine. Lakini Johana hakuweza kuvumilia kusikia namba ya mkulima ikiitwa kujaribu kalamu.

"Apana, Madam! Si kalamu hiyo." Alisimama kabisa. "Hiyo ni namba ya mkulima. Ni mimi niliwaambia waandike, ndio mtu asiibe. Kila mtu hapa ako na yake. Mimi nikiona namba tu, najua ni nani."

Mkono wa Molly ukabaki hewani.

"Unajua ni nani?"

"Mia arobaini na tatu ni mama Tecla, ule wa karibu na daraja. Uliza Kiptum."

Kiptum hakuulizwa. Molly alirudisha karatasi mezani polepole, akavua miwani, akajipangusa uso kwa kiganja. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepeleka habari ya msiba.

"Mzee, ungenyamaza tu. Kura ni siri. Karatasi ikiwa na kitu cha kuonyesha mwenye kupiga ni nani, sheria inasema tuikatae. Kama ningekuwa sijui, ningekuwa sijui. Sasa umeniambia, na ajenti mwingine amesikia."

"Amesikia," Kiptum alisema, kwa sauti ya chini. "Pole, mzee. Lakini nimesikia."

Johana alikaa. Hakuelewa kwa muda. Alikuwa anafikiri labda ni kuharibika kama yale mambo wanayosema redioni, na kitu kikiharibika kinatengenezwa.

"Basi hiyo imeharibika," alisema. "Muite mama Tecla arudie."

"Haijaharibika, mzee. Iliyoharibika ni ile mtu anakosea, anaturudishia kabla hajaitumbukiza, tunamfutia, tunampa nyingine. Redioni wanaziita zote zimeharibika lakini si hivyo. Hii imeshaingia kwa sanduku. Hii ni kura iliyokataliwa."

"Imekataliwa na nani? Mama Tecla hajaikataa. Mimi sijaikataa."

Molly akachukua karatasi nyingine. Chelimo, na chini yake namba. Nyingine. Chelimo, na namba. Kuna walioandika kwa madoido, wakapiga na mstari chini yake. Kuna mzee mmoja aliyeandika namba kubwa kuliko tiki. Rundo la zilizokataliwa likaanza kunenepa, na Johana alizitambua zote, mmoja mmoja, watu aliokula nao, aliozika nao, waliomwamini. Angeweza kuwasalimia.

"Ajenti anaweza kupinga," Molly alimwambia, kwa huruma. "Ukipinga, naandika nyuma kwamba imekataliwa na kukataliwa kwenyewe kumepingwa."

"Ukiandika hivyo inahesabiwa?"

"Hapana. Inabaki imekataliwa. Lakini inajulikana ulipinga. Mtu akitaka kwenda kotini, iko hapo."

"Napinga," Johana alisema.

Na akapinga kila moja. Napinga. Napinga. Karani wa Molly aliandika nyuma ya kila karatasi mpaka kidole chake chenye wino kikachoka. Halafu Molly akainua moja yenye sifuri kumi na mbili, tiki kwa Chelimo, mwandiko mnene wa Johana mwenyewe. Hata hiyo aliipinga, ijapokuwa sauti ilikuwa imeanza kukauka.

Zilikuwa zimebaki chache chini ya sanduku. Molly akaokota moja, akaiangalia, akaiangalia tena.

"Kipkurui," alisoma. "Na namba."

Kiptum akashtuka. Watu wa Kipkurui hawakuwa na ugonjwa wa namba, ule ulikuwa wa upande mwingine. Akainama kusoma, na Johana akainama naye, vichwa vyao vikakaribia kugongana juu ya meza.

Sifuri kumi na mbili.

Namba hiyo ilikuwa ya nyumba moja tu. Watoto wengine walikuwa Nakuru na hawakuja kupiga kura. Chelimo hakujua lolote kuhusu kuandika namba kwenye kura. Wa kuiandika walikuwa wawili, mume na mke, na ya mume ilikuwa imeshatoka. Johana aliuangalia ule mkia wa mbili, uliopinda kwenda juu. Rebeccah aliandika mbili hivyo tangu walipooana.

Johana hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alihisi aibu kubwa, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na chini ya aibu kulikuwa na woga, kwa sababu hakujua alikuwa ameishi na nani siku zote hizi.

"Hii ni ya mgombea wako, Kiptum," Molly alisema. "Nayo naikataa. Unapinga?"

Kiptum alimtazama Johana. Alikuwa ameshaijua namba. Kituoni Chebitet hakuna asiyeijua sifuri kumi na mbili.

"Mimi sipingi," alisema, akageuka akaangalia mvua dirishani.

Johana alifika nyumbani gambuti zimejaa maji. Rebeccah alimwekea ugali na mboga za kienyeji, akamuuliza kura zimeendaje. Akasema bado zinajumlishwa Litein. Alikula kwa kichwa kuinama, na Rebeccah, ambaye kwa kawaida angemuuliza mara tatu, naye hakuuliza tena. Walilala wakipeana migongo.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na mashamba yaling'aa, majani yaliyochipuka yakiwa tayari kuchumwa, na hakuna aliyeshika kikapu. Redio ilitangaza. Kipkurui amemshinda Chelimo kwa kura ishirini na kitu. Mtangazaji akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kura zilizoharibika zilikuwa zaidi ya sitini, nyingi zao katika kituo kimoja. Johana akaizima.

"Hazikuharibika," alisema, lakini hakuna aliyekuwa karibu wa kumsikia ila kuku.

Chelimo alikuja kwa miguu kutoka barabarani. Bado alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoinunua kwa ajili ya siku ya kula kiapo, ikiwa na matope kwenye upindo. Hakupita kwa babake. Alienda moja kwa moja jikoni, ambako Rebeccah alikuwa anapuliza moto, na Johana akamfuata, akasimama mlangoni.

"Mama," Chelimo alisema, "huko Litein vijana wa boda wananiita Sifuri Kumi na Mbili. Wanasema hata nyumbani kwetu nilikataliwa. Nikawaambia ni uongo. Nimewatukana, Mama, mimi mwalimu. Ni uongo?"

Rebeccah aliendelea kupuliza, ingawa moto ulikuwa umeshashika. Halafu akaweka chini kile kipande cha bomba alichokuwa akipulizia.

"Si uongo."

"Mama."

"Nilifanya vile baba yako alisema, niliandika namba. Nilidhani sanduku linapelekwa Nairobi. Huko nani anajua namba yetu?" Alijipangusa macho, na haikujulikana kama ni moshi. "Sikukukataa, mwanangu. Usifikirie nilikukataa. Nilisema ukianguka utarudi shule. Nilikuwa naomba Mungu uanguke urudi shule. Mwalimu ako na mshahara, ako na pensheni, hakuna mtu anamtukana kwa soko. Hata jana nimemtumia hedimasta salamu nikamwambia utarudi wiki ijayo."

Chelimo alikaa kwenye kigoda, suti na yote.

"Hakuna shule, Mama. Walishaweka mtu mwingine. Tangu kabla ya kampeni. Anakaa kwa ile nyumba yangu."

Rebeccah alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Kisha akageuka taratibu, akamtazama mumewe pale mlangoni. Miaka yote waliyoishi pamoja, Johana hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na wale makarani wezi aliowafukuzisha kazi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mkanificha. Mkaniacha nipige kura kama kipofu." Sauti yake haikupanda. "Mngeniambia, Baba Chelimo. Neno moja tu. Mngeniambia hakuna kurudi, ningempigia mtoto wangu. Ningempigia na mikono miwili!"

Ni Chelimo aliyejibu. Aliinua uso akamtazama babake kwanza, bila hasira yoyote, kisha akaushika mkono wa mamake uliokuwa na majivu.

"Hata ungenipigia, Mama," alisema, "si ungeandika namba?"